Kuendesha amri ndani ya VPN iliyotengwa kwenye Linux

Chukua kompyuta ya ofisi iliyoko Mwanga, Kigoma. Intaneti inatoka kwenye hotspoti ya simu au modemu iliyochomekwa pembeni, bando linahesabiwa kwa megabaiti, na kila jioni takwimu za siku lazima zipelekwe kwenye seva ya Dar es Salaam ambayo haimpokei mtu yeyote asiyepitia VPN, yaani njia ya siri inayopita juu ya intaneti ya kawaida. Njia ya mkato ni amri ya `wg-quick up` ya WireGuard, na hapo kompyuta nzima inaingia kwenye VPN: masasisho ya Ubuntu, WhatsApp ya kwenye kivinjari, barua pepe binafsi, vyote vinapitia seva ya ofisi kabla ya kwenda vinakokwenda. Mtandao unakuwa mzito kwa kila mtu. Ukiizima VPN ili watu wapumue, programu iliyokuwa katikati ya kazi itaendelea kujaribu kutoka, safari hii kwa njia ya kawaida, bila kinga na bila kukuambia.

Kinachotakiwa ni amri moja au mbili tu zipite kwenye VPN, zingine zibaki zilivyo, na zile zilizo ndani zisiwe na njia nyingine ya kutoka hata VPN ikikatika. Linux inaliweza hili bila programu ya kununua. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaruhusu mtandao wa kompyuta ugawanywe katika vyumba (kwa Kiingereza network namespaces, ndiyo `netns` ya kwenye amri), kila chumba kikiwa na violesura vyake, jedwali lake la njia na kanuni zake za ukuta wa moto. Programu iliyowekwa kwenye chumba haioni kadi ya Wi-Fi wala modemu. Inaona kile ulichokiweka humo tu. Ukiweka kiolesura cha VPN peke yake, huo ndio mlango pekee. Mlango ukifungwa, hakuna kinachotoka.

Mwongozo huu unatumia VPN ya aina ya WireGuard, na kuna sababu. Kiolesura cha WireGuard hukumbuka chumba kilikotengenezwa. Ukikitengeneza kwenye mtandao wa kawaida kisha ukakihamishia kwenye chumba, pakiti zilizofungwa kwa siri zinaendelea kutokea kule kwa kawaida, kupitia Wi-Fi, modemu au waya wowote uliopo, huku pakiti zilizo wazi zikionekana ndani ya chumba pekee. Kwa hiyo huhitaji daraja, huhitaji NAT (kubadilisha anwani za pakiti ili wengi watumie anwani moja ya nje), huhitaji kuchezea jedwali la njia la kompyuta. Ukichomoa modemu na kuhamia hotspoti ya simu, chumba hakijui lolote. Kinaendelea kufanya kazi, na seva inaifuata anwani yako mpya pale inapopokea pakiti halali ya kwanza kutoka huko. Ukiwa Manyovu au Kakonko, karibu na mpaka wa Burundi, na simu ikadaka mnara wa ng'ambo, mambo ni yale yale.

Kabla ya kuanza

WireGuard imo ndani ya kerneli kuanzia Linux 5.6 ya mwaka 2020. Angalia yako kwa `uname -r`. Ubuntu 20.04 ina kerneli 5.4 lakini iliongezewa WireGuard, kwa hiyo nayo inafaa. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha hivi:

```
sudo apt install wireguard-tools iproute2 curl tcpdump
```

Msimamizi wa seva atakupa faili la mipangilio. Liweke `/etc/wireguard/wgofisi.conf`, limilikiwe na `root`, na ulifunge kwa `chmod 600` kwa kuwa lina ufunguo wa siri. Jina la faili kabla ya `.conf` ndilo jina la kiolesura, na Linux haipokei jina la kiolesura lenye zaidi ya herufi 15. Ndani yake patakuwa na kitu kama hiki:

```
[Interface]
PrivateKey = (ufunguo wako wa siri)
Address = 10.20.0.7/32
DNS = 10.20.0.1

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa umma wa seva)
Endpoint = vpn.example.com:51820
AllowedIPs = 0.0.0.0/0
PersistentKeepalive = 25
```

Anwani zote humu ni za mfano, weka ulizopewa. Mstari wa `PersistentKeepalive` usiuache. Kwenye mitandao ya simu uko nyuma ya NAT ya kampuni, na njia ya UDP (aina ya usafirishaji wa pakiti inayotumiwa na WireGuard) isiyotumika husahauliwa upesi. Pakiti tupu kila sekunde 25 inaiweka hai. Usihofie bando: pakiti hiyo ina baiti 60 pamoja na vichwa vyake, na hata ukijumlisha salamu za kubadilisha funguo kila dakika mbili, siku nzima haifiki megabaiti moja.

Jambo la sheria pia lisirukwe. Oktoba 2023 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa za VPN hizo kwake, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Msingi wake ni kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Muulize msimamizi wa ofisi kama VPN yenu imeandikishwa. Ni swali la dakika moja, na jibu lake ni vema liwe kwa maandishi.

Kujenga chumba

Andika skripti hii kwenye `/usr/local/sbin/chumba-washa`, uipe ruhusa kwa `chmod 755`, kisha uiendeshe kwa `sudo chumba-washa`:

```
#!/bin/sh
set -eu
C=ofisi
K=wgofisi

ip netns add "$C"
ip -n "$C" link set lo up
ip link add "$K" type wireguard
wg-quick strip "$K" | wg setconf "$K" /dev/stdin
ip link set "$K" netns "$C"
ip -n "$C" addr add 10.20.0.7/32 dev "$K"
ip -n "$C" link set "$K" mtu 1420 up
ip -n "$C" route add default dev "$K"
```

Mpangilio wa mistari una maana yake. `wg setconf` inakuja kabla ya kuhamisha kiolesura kwa sababu `Endpoint` imeandikwa kwa jina, na jina lazima litafutwe kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP. Ukiihamisha kwanza, utafutaji utafanyika ndani ya chumba ambacho bado hakina njia yoyote, na utakaa ukitazama ujumbe wa kujaribu tena na tena. Anwani ya IP, kinyume chake, huwekwa baada ya kuhama, kwa kuwa kiolesura kinapohamia chumba kingine anwani zake hufutwa. Funguo na taarifa za seva hubaki.

`wg-quick strip` inaondoa mistari ya `Address`, `DNS` na mingine ambayo `wg` yenyewe haiifahamu. Ukimpa `wg setconf` faili zima bila kulichuja, atakataa kwenye mstari wa kwanza asiouelewa. Na `lo` usiisahau: chumba kipya huja na `lo` iliyozimwa, na programu nyingi zinazojiongelesha kwa 127.0.0.1 hufa bila maelezo yanayoeleweka.

Skripti ikikwama katikati, mabaki yake ndiyo yatakayokuzuia mara ya pili kwa ujumbe wa `File exists`. Safisha kwa `sudo ip netns del ofisi` na `sudo ip link del wgofisi`, kisha anza upya. Mojawapo ikilalamika kwamba hakuna kitu cha kufuta, endelea tu.

Majina: mahali ambapo wengi huvuja

Hapa nenda polepole. Chumba kina jedwali lake la njia, lakini faili la `/etc/resolv.conf` ni lile lile la kompyuta nzima, na kwenye Ubuntu linaelekeza 127.0.0.53. Ndani ya chumba hakuna anayesikiliza hapo. Matokeo yake `ping 10.20.0.5` inajibu lakini jina lolote halifunguki.

Dawa yake ni folda ya `/etc/netns/ofisi`. Kila faili lililomo, amri ya `ip netns exec` hulifunika juu ya lile la `/etc` lenye jina hilo, kwa programu iliyo ndani peke yake:

```
sudo mkdir -p /etc/netns/ofisi
echo 'nameserver 10.20.0.1' | sudo tee /etc/netns/ofisi/resolv.conf
sed 's/^hosts:.*/hosts: files dns/' /etc/nsswitch.conf \
  | sudo tee /etc/netns/ofisi/nsswitch.conf
```

Amri ya tatu ndiyo inayoachwa mara nyingi, na ndiyo ya hatari. Kwenye Fedora, Arch na mashine yoyote yenye neno `resolve` kwenye mstari wa `hosts:`, programu haisomi `resolv.conf` kabisa. Inaongea na systemd-resolved, mtumishi wa mfumo anayetafuta majina, kupitia soketi iliyo kwenye folda ya `/run`, na soketi ya aina hiyo ni faili. Chumba cha mtandao hakizuii mafaili. Swali linatoka chumbani, linamfikia systemd-resolved aliye nje, naye analipeleka kwa DNS ya kampuni ya simu. Kurasa zinafunguka vizuri, data inapita kwenye VPN, lakini orodha ya kila seva unayoitafuta inapita nje. Mstari wa `hosts: files dns` unakata njia hiyo.

Mstari huo una gharama moja ndogo. Kama jina la kompyuta yako halimo kwenye `/etc/hosts`, `sudo` ndani ya chumba italalamika `unable to resolve host` na kusitasita sekunde kadhaa. Ongeza mstari wa `127.0.1.1` na jina la mashine, yaishe.

Ukipata `Bind ... failed: No such file or directory`, maana yake `/etc/resolv.conf` ya nje haipo au ni kiungo kinachoelekeza pasipo na kitu. Rekebisha ile ya nje kwanza. Na ukiacha ganda la amri wazi chumbani kwa saa nyingi huku nje ukibadilisha kutoka Wi-Fi kwenda modemu, majina yanaweza kukatika ghafla. NetworkManager ameandika `resolv.conf` mpya juu ya ya zamani, na kile kifuniko kimeanguka. Toka, ingia tena.

Amri ya kuingilia

`ip netns exec` inahitaji `root`, lakini hutaki rsync (programu ya kunakili mafaili kwenda kompyuta nyingine) au kivinjari viendeshwe na `root`. Tengeneza `/usr/local/sbin/ndani`:

```
#!/bin/sh
exec ip netns exec ofisi sudo -H -u "$SUDO_USER" -- "$@"
```

Ipe `chmod 755`, imilikiwe na `root`, na sasa kila kitu kinachotakiwa kupita VPN kinaanza na maneno mawili:

```
sudo ndani curl -4 https://api.ipify.org
sudo ndani rsync -az --partial --timeout=60 ripoti/ data@10.20.0.5:/srv/kigoma/
```

`--partial` kwa Kigoma ni ya lazima. Umeme au mtandao ukikatika faili likiwa nusu, kipande kilichofika kinabaki, na rsync akirudi anatumia kile kilichopo badala ya kuanza sifuri.

Kama wafanyakazi wenzako hawatakiwi kuulizwa nywila kila mara, fungua `sudo visudo -f /etc/sudoers.d/ndani` na uruhusu `/usr/local/sbin/ndani` tu kwa kikundi chao:

```
%takwimu ALL=(root) NOPASSWD: /usr/local/sbin/ndani
```

Kamwe usiruhusu `ip netns exec` yenyewe kwa `NOPASSWD`. Anayeweza kuiendesha hiyo anaweza kuendesha chochote kama `root`, na utakuwa umeigawa mashine nzima.

Kwa kuwa `sudo` husafisha mazingira, wakala wa funguo za SSH hatafika ndani. Taja ufunguo kwa `ssh -i`, au uuandike kwenye `~/.ssh/config`.

Hakikisha, usiamini

Jaribio la kwanza ni la anwani. Endesha `curl -4 https://api.ipify.org` nje, kisha ndani. Majibu lazima yatofautiane, na la ndani liwe la seva ya VPN. Hilo peke yake halitoshi, kwa maana halisemi lolote kuhusu majina.

Kwa majina, fungua terminali ya pili nje ya chumba:

```
sudo tcpdump -ni any port 53
```

Kwenye ya kwanza tafuta jina ambalo kompyuta yako haijawahi kulitafuta siku hiyo, kwa mfano `sudo ndani getent hosts` ikifuatiwa na anwani ya chuo fulani cha mbali. Jina hilo halitakiwi kuonekana kwenye terminali ya pili. Tumia `getent` na si `dig`. `dig` husoma `resolv.conf` moja kwa moja na kuuliza yenyewe, kwa hiyo itaonekana safi hata kwenye mashine inayovuja. `getent` inapita njia ile ile wanayopita rsync, curl na wengine, na ndiyo inayokuonyesha ukweli.

La tatu ni kukata VPN makusudi:

```
sudo ip -n ofisi link set wgofisi down
sudo ndani curl -4 -m 10 http://1.1.1.1
```

Lazima ishindwe mara moja kwa kukosa njia. Ikifaulu, hicho si chumba, na kuna kitu umeongeza kisichotakiwa. Ukimaliza, kumbuka kwamba kuzima kiolesura kunafuta na njia iliyokipitia, kwa hiyo kuwasha kunahitaji amri mbili:

```
sudo ip -n ofisi link set wgofisi up
sudo ip -n ofisi route add default dev wgofisi
```

Wanaotoroka kwa mlango wa uani

Ile habari ya soketi iliyo faili haiishii kwenye DNS. Programu yoyote inayomwomba mwenzake aliye nje amfanyie kazi, kazi hiyo itafanyika nje, hata kama wewe umeandika `sudo ndani` mwanzoni.

Firefox ndiyo mfano mbaya zaidi. Kama tayari iko wazi nje, amri ya kuifungua chumbani inaweza kumwambia tu yule aliye nje afungue dirisha jipya, na dirisha hilo linatumia mtandao wa kawaida. Tengeneza profaili ya pekee kwa `firefox -P`, iite ofisi, na uianzishe kwa `firefox --no-remote -P ofisi`. Kisha fungua api.ipify.org ndani ya dirisha hilo kabla ya kufanya kazi yoyote. Kwenye Wayland huenda dirisha likakataa kufunguka kwa kuwa `XDG_RUNTIME_DIR` na `WAYLAND_DISPLAY` zimesafishwa na sudo. Kwa ofisi ambako kazi ni rsync, ssh na psql, ni heri kuachana na madirisha na kubaki kwenye terminali.

Terminali yenyewe nayo ina mtego. Ukiandika `sudo ndani gnome-terminal`, anayefungua dirisha ni mtumishi wake aliye nje. Fanya kinyume: fungua terminali kama kawaida, kisha humo uandike `sudo ndani bash`. tmux ni vilevile. Kama seva yake inaendeshwa nje, kikao kipya kitazaliwa nje. Ipe soketi yake kwa `tmux -L ofisi`. `docker pull` hufanywa na mtumishi wa Docker, si na amri uliyoiandika, kwa hiyo chumba hakimhusu. Na kama `~/.ssh/config` ina `ControlMaster`, ssh ya chumbani inaweza kudandia muunganisho uliofunguliwa nje. Zima kwa `-o ControlPath=none`.

Ukiwa na shaka, tafuta namba ya mchakato wenyewe kwa `pgrep` kisha uulize:

```
sudo ip netns identify NAMBA
```

Ikijibu `ofisi`, yumo. Ikinyamaza, yuko nje.

Tabia hiyo hiyo ina faida yake. 127.0.0.1 ya chumbani si ile ya nje, kwa hiyo hifadhidata ya PostgreSQL iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo haitafikika kwa anwani hiyo. Itafikika kwa soketi yake iliyo `/var/run/postgresql`. Hivyo `sudo ndani` inaweza kuendesha skripti inayotoa data kwa `pg_dump` bila `-h`, na kuisafirisha kupitia VPN, yote kwa mkupuo mmoja.

Inapogoma

Anza daima na `sudo ip netns exec ofisi wg show`. Mstari wa `latest handshake` ukiwa ndani ya dakika mbili au tatu, VPN yenyewe ni nzima na tatizo liko kwenye majina, njia au MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. Usipokuwepo kabisa, tazama `transfer`. Salamu ya kwanza ya WireGuard ina baiti 148, hurudiwa kila baada ya sekunde tano hivi. Ukiona `0 B received, 1.45 KiB sent`, hizo ni salamu kumi zilizotumwa bila hata jibu moja. Chanzo ni kimojawapo kati ya hivi: UDP imezuiwa njiani, ufunguo wako haujaingizwa kwenye seva, anwani ya seva si sahihi, au saa yako imekosea.

UDP huzuiwa zaidi kwenye Wi-Fi za hoteli na za kumbi. Kama Wi-Fi inadai kwanza uingie kwenye ukurasa wake, ingia kwa kivinjari cha kawaida nje ya chumba. Hapo utaratibu huu unakurahisishia, kwani huhitaji kuizima VPN ili uuone ukurasa huo. Isipotosha, mwombe msimamizi aisikilizishe seva poti 443 ya UDP pia.

Saa ni chanzo kisichodhaniwa. Kila salamu ya WireGuard hubeba muda, na seva hukataa muda ulio nyuma ya ule iliouona mwisho kutoka kwa ufunguo huo, ili mtu asirudie salamu ya zamani aliyoinasa. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, au Raspberry Pi 4 isiyo na saa ya ndani, umeme ukikatika na kurudi huamka ikiwa na tarehe iliyopita. Seva inanyamaza, na hakuna ujumbe wowote wa kosa upande wako. Angalia kwa `timedatectl`. Saa husawazishwa kupitia mtandao wa nje, kwa hiyo chumba hakiizuii. Subiri tu isawazishwe kabla ya kuwasha chumba. Betri ya CR2032 ndiyo tiba ya kudumu kwa kompyuta nyingi za mezani.

Ikiwa `ping` inajibu, ssh inafika mahali fulani kisha inaganda, na kurasa ndogo zinafunguka ila kubwa hazifunguki, shuku MTU. WireGuard huongeza baiti 60 juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6, ndiyo maana 1420 ni chaguo la kawaida kwa waya wa 1500. Njia ya simu inaweza kubeba pungufu ya hapo. Pima kutoka chumbani, ukianza na kipimo kinacholingana na 1420:

```
sudo ip netns exec ofisi ping -M do -s 1392 -c 3 10.20.0.1
```

Isipojibu, shusha 1392 hadi ijibu, ongeza 28 kwenye namba iliyojibiwa, na hiyo ndiyo MTU yako. Ukikosa subira weka 1280 moja kwa moja. Unapoteza kasi kidogo sana na unapata amani. Hapa `ping` imeendeshwa na `root` makusudi, kwani kwenye chumba kipya mtumiaji wa kawaida huenda akanyimwa `ping` kwenye baadhi ya mifumo.

`Required key not available` maana yake anwani unayoiendea haimo kwenye `AllowedIPs`. Ofisi nyingi huweka `10.20.0.0/16` tu ili VPN itumike kwa seva zao peke yake. Hilo si kosa, ila jaribio la api.ipify.org halitafanya kazi. Jaribu na seva ya ofisi. `Destination address required` maana yake `Endpoint` haikuingia.

Kuwasha kila siku bila mkono

Chumba kinapotea kompyuta ikizimwa. Weka `/etc/systemd/system/chumba-ofisi.service`:

```
[Unit]
Description=Chumba cha VPN ya ofisi
Wants=network-online.target time-sync.target
After=network-online.target time-sync.target

[Service]
Type=oneshot
RemainAfterExit=yes
ExecStart=/usr/local/sbin/chumba-washa
ExecStop=ip netns del ofisi
Restart=on-failure
RestartSec=60
ExecStopPost=-ip link del wgofisi
ExecStopPost=-ip netns del ofisi

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mistari miwili ya `ExecStopPost` inafagia mabaki pale modemu inapochelewa kupata mtandao, ili jaribio la dakika inayofuata lisigonge `File exists`. Kwa time-sync.target kusubiri kweli, washa pia `systemd-time-wait-sync.service` kama unatumia systemd-timesyncd.

Huduma ya kupeleka takwimu usiku haihitaji `ndani`. Kwenye sehemu yake ya `[Service]` andika:

```
User=takwimu
NetworkNamespacePath=/run/netns/ofisi
BindReadOnlyPaths=/etc/netns/ofisi/resolv.conf:/etc/resolv.conf
BindReadOnlyPaths=/etc/netns/ofisi/nsswitch.conf:/etc/nsswitch.conf
```

na kwenye `[Unit]` weka `Requires=` na `After=` za `chumba-ofisi.service`. Mistari ya `BindReadOnlyPaths` ni lazima: systemd anaingiza mchakato kwenye chumba, lakini hafuniki mafaili ya `/etc/netns` kama afanyavyo `ip netns exec`. Ukiiacha, utakuwa umeurudisha uvujaji wa majina kwa mlango wa nyuma, tena usiku ambapo hakuna anayeangalia. systemd iwe toleo la 244 au jipya zaidi.

Ukitaka kubomoa chumba, angalia kwanza nani yumo:

```
sudo ip netns pids ofisi
```

`ip netns del` huondoa jina tu. Mchakato uliobaki ndani unaendelea kuishi humo, pamoja na VPN yake, hadi ufe, na wewe huna tena jina la kuufikia. Ukiwasha chumba kipya wakati huo, funguo moja itakuwa na violesura viwili vinavyogombania seva, na vyote viwili vitakatikakatika. Zima michakato yote iliyoorodheshwa, hakikisha orodha ni tupu, ndipo ufute.